Somo la 7: Kinachotangulia

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 4:3–8, Mhubiri 8:11, Danieli 6:10, Mathayo 12:43–45, Mathayo 26:36–46, Luka 22:31–34, Yohana 21:9–17.

Fungu la Kukariri: Warumi 12:2. Likariri kutoka katika Biblia yako. Hapa Paulo anawasihi waumini wasichukue sura ya ulimwengu unaowazunguka, wamruhusu Mungu awabadilishe kwa kuwapa nia mpya.

Mwambie mtoto wa chekechea ataje siku za juma. Ataanza na Jumapili, na kila siku itaivuta inayofuata mpaka afike Sabato. Sasa mwambie azitaje kinyumenyume. Atasita, atahesabu kwa vidole, na huenda akarudi mwanzo kimyakimya ili apate jibu. Siku ni zilezile saba, na zote anazijua. Kilichobadilika ni mfuatano.

Ubongo haukutunza majina ya siku peke yake. Ulitunza pia siku ipi hutangulia na ipi hufuata. Ndivyo ulivyo katika mambo mengi ya maisha: harufu fulani huleta hamu fulani, tusi huleta tusi, mlio wa simu huupeleka mkono mfukoni kabla mtu hajaamua lolote.

Juma hili tutaangalia namna Muumba alivyoufanya ubongo ujengeke kwa mfuatano, kisha tutaiuliza Biblia swali lenye uzito kwa kila anayepambana na tabia iliyomshinda: ni nini kinachotangulia, na ni nani aliyetangulia?

JUMAPILI: Upenyo Mwembamba

Soma Zaburi 139:13–16. Daudi anapoutazama mwili wake, anafikia uamuzi gani kumhusu Muumba?

Ubongo wa mtu mzima una chembe za neva zipatazo bilioni 86. Chembe hizi huwasiliana kwa mipigo midogo ya umeme. Mahali chembe moja inapokutana na nyingine pana upenyo mwembamba sana, na makutano hayo huitwa sinapsi. Mpigo ukifika hapo, chembe ya kwanza humwaga kemikali, nayo kemikali huvuka na kuigusa chembe ya pili.

Mwaka 1949 Donald Hebb, mwanasaikolojia wa Kanada, alichapisha kitabu chenye pendekezo hili: chembe moja ikishiriki mara kwa mara kuiamsha nyingine, muunganiko kati yao huimarika. Wengi hufupisha wazo hilo kwa kusema kwamba chembe zinazopiga pamoja huungana pamoja. Lakini ufupisho huo umeacha jambo muhimu. Kwa Hebb, chembe ya kwanza husaidia kuiamsha ya pili, na anayemwamsha mwenzake hana budi kuwa ametangulia kuamka.

Karibu miaka 50 baadaye jambo hilo lilipimwa. Mwaka 1997 Henry Markram, Bert Sakmann na wenzao huko Heidelberg, Ujerumani, walitoa matokeo ya kazi yao juu ya vipande vya ubongo wa panya. Mpigo wa chembe ya kwanza ulipotangulia ule wa chembe ya pili kwa milisekunde 10, yaani sehemu 10 za sekunde iliyogawanywa mara elfu, muunganiko ulipata nguvu. Mpangilio ulipogeuzwa, chembe ya pili ikatangulia kwa milisekunde zilezile 10, muunganiko ulidhoofika. Pengo lilipokuwa milisekunde 100, hakuna kilichobadilika. Mwaka 1998 Guo-qiang Bi na Mu-ming Poo, wakifanya kazi California, Marekani, walionyesha jambo hilohilo kwa chembe za panya zilizokuzwa maabara: mipigo iliyoachana kwa milisekunde zipatazo 20 au pungufu iliimarisha au kudhoofisha muunganiko, kutegemea ipi ilitangulia.

Hili huwezekanaje? Kwenye chembe inayopokea kuna milango midogo iliyozibwa na magnesiamu. Mlango hufunguka vizuri pale mambo mawili yanapokutana: kemikali ya chembe ya kwanza iwe imefika, na chembe ya pili iwe imeamshwa kwa umeme. Hapo kalsiamu huingia, na kazi ya kuimarisha huanza. Ni kama shauri ambalo haliamuliwi mpaka wapatikane mashahidi wawili (Kumbukumbu la Torati 19:15).

Tuwe waangalifu hapa. Hizi ni chembe za panya, na muda unaozungumzwa ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Katika ubongo mzima kanuni hii hubadilika kulingana na mahali na aina ya chembe. Mtu asisimame mbele ya kanisa na kudai kwamba wanasayansi wamepima maombi. Tunachoweza kusema ni hiki: tumeumbwa tukiwa viumbe ambao kwao kinachotangulia huacha alama.

Je, kujua jinsi ubongo unavyojengeka kunaongezaje shukrani yako kwa Muumba? Kunaongezaje uwajibikaji wako?

JUMATATU: Neno Kabla ya Tendo

Soma Mwanzo 4:3–8. Mungu alizungumza na Kaini wakati gani: kabla ya kumuua Habili, au baadaye?

Mungu alizungumza naye mara zote mbili, lakini tuitazame mara ya kwanza. Sadaka imekataliwa, uso wa Kaini umekunjamana, na bado hajamgusa ndugu yake. Katika nafasi hiyo ndogo, kati ya hasira na tendo, Mungu anamwuliza kwa nini amekasirika na kumwonya kwamba dhambi inamvizia mlangoni. Mlango bado haujafunguliwa. Kaini bado anaweza kugeuka.

Yakobo naye anaieleza dhambi kwa mfuatano (Yakobo 1:14, 15): mtu huvutwa na tamaa, tamaa huchukua mimba, dhambi huzaliwa, na dhambi ikikomaa huleta mauti. Mwanzoni mtoto bado hajazaliwa. Anayeomba msaada mwishoni mwa mfuatano huu bado anasikilizwa na Mungu, lakini amejinyima nafasi nyingi za kugeuka alizokutana nazo njiani.

Jambo la pili kuhusu mfuatano ni kile kinachofuata mara baada ya tendo. Mwaka 2014 watafiti nchini Japani walichunguza ubongo wa panya na kuangalia kazi ya dopamini, kemikali inayohusika na ubongo kujifunza kutokana na thawabu. Ilipofika kati ya sekunde 0.3 na 2 baada ya sinapsi kuamshwa, sehemu ile ya muunganiko ilikua. Ilipotangulia au kuchelewa kuliko hapo, haikukua. Thawabu ya haraka ina nguvu yake.

Sulemani aliliona jambo hili katika maisha ya watu. Soma Mhubiri 8:11. Hukumu inapokawia, mioyo ya wanadamu hupata ujasiri wa kutenda maovu. Anayebeti kwa simu huona matokeo papo hapo. Deni huja mwisho wa mwezi. Kinywaji hulegeza wasiwasi jioni hiyohiyo. Ini huharibika baada ya miaka. Shetani hulipa kwanza, kisha hudai.

Kumbuka siku uliyosema neno la hasira nyumbani. Kulikuwa na nafasi gani kabla ya neno hilo kutoka? Mithali 15:1 na Yakobo 1:19 yanashauri nafasi hiyo itumiweje?

JUMANNE: Kama Ilivyokuwa Desturi Yake

Soma Danieli 6:10. Danieli alifanya nini alipojua kwamba amri ya mfalme imekwisha kutiwa sahihi? Ni maneno gani ya fungu hilo yanaonyesha kwamba hakuwa anaanza siku ile?

Danieli alipanda chumbani, akapiga magoti mbele ya madirisha yaliyoelekea Yerusalemu, akaomba mara tatu kwa siku. Mwandishi anakazia kwamba alikuwa akifanya hivyo tangu zamani. Siku ya hatari haikumpa Danieli tabia mpya. Ilidhihirisha ile aliyokuwa nayo. Tangu ujana wake alikuwa amekwisha kuazimia moyoni kutojitia unajisi, hata kabla jaribu la chakula halijafikia mwisho wake (Danieli 1:8).

Sasa soma Mathayo 26:36–46. Yesu aliwaagiza wanafunzi wafanye nini, na kwa sababu gani?

Mara tatu Yesu aliomba. Mara tatu aliwarudia na kuwakuta wamelala. Kisha mienge ikaonekana. Yesu, aliyekuwa ameomba kwanza, alisimama mbele ya umati akiwa mtulivu. Petro, aliyelala kwanza, alichomoa upanga, na kabla ya alfajiri alikuwa amemkana Bwana mara tatu. Petro hakukosa upendo wala ushujaa. Alikosa saa iliyotangulia.

Ndiyo maana Musa, alipowaagiza wazazi wa Israeli juu ya maneno ya Mungu, aliyafunga na nyakati zinazojirudia kila siku: kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka (Kumbukumbu la Torati 6:6, 7). Kuamka kutakuja kesho, tutake tusitake. Swali ni kitakachofuata. Katika nyumba nyingi za waumini leo jicho likifunguka mkono huenda kwenye simu, na habari za ulimwengu hufika kabla ya neno la Mungu. Asubuhi moja haimwangamizi mtu. Asubuhi mia tatu humzoeza.

Orodhesha mambo matatu unayofanya kila siku bila kukosa, kama kuwasha jiko, kufungua duka au kupanda gari. Ni lipi kati ya hayo lingeweza kutanguliwa na sala fupi kuanzia kesho?

JUMATANO: Nyumba Iliyofagiwa

Soma Mathayo 12:43–45. Nyumba ile ilikuwa safi na imepambwa. Kosa lake lilikuwa nini?

Ilikuwa tupu. Pepo alitoka, takataka zikaondolewa, lakini hakuna aliyekaribishwa kukaa. Yesu anafundisha kwamba kuacha peke yake hakutoshi. Mahali palipokuwa na jambo la zamani lazima pakae jambo jipya, la sivyo la zamani hurudi na wenzake.

Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng’enyo wa chakula, anajulikana zaidi kwa mbwa wake. Sauti fulani ilipotangulia chakula mara nyingi, mbwa alianza kudondosha mate kwa kuisikia sauti tu. Kisha Pavlov alitoa sauti bila chakula, tena na tena, mpaka mate yakakoma. Ungedhani mbwa amesahau. Lakini baada ya kupumzishwa kwa muda, sauti iliposikika tena, mate yalirudi. Fundisho la kwanza lilikuwa limetulizwa, halikuwa limefutwa.

Sasa mfikirie ndugu aliyeacha pombe miaka mitatu iliyopita. Amebatizwa, anafundisha watoto, mke wake ameanza kucheka tena. Jioni moja anapita karibu na kilabu cha zamani, harufu inamfikia, muziki uleule unapigwa, na hamu inarudi kana kwamba hajawahi kuondoka. Anaogopa. Anajiuliza kama ubatizo wake ulikuwa wa kweli. Akikaa kimya kwa aibu, hatari yake ni kubwa. Akimwambia mzee wa kanisa, atapokelewaje?

Kanisa linahitaji kulitenganisha jaribu na anguko. Hamu iliyorudi si ushahidi kwamba Roho Mtakatifu amemwacha. Paulo mwenyewe aliandika juu ya sheria nyingine iliyopigana na nia yake (Warumi 7:21–25), na aliandika akimshukuru Mungu kwa mkombozi. Ndugu huyu anahitaji njia nyingine ya kurudi nyumbani, mtu wa kumpigia simu saa ile ile, na mlango wa jirani mwaminifu ulio wazi jioni. Hayo ndiyo mambo ya kuijaza nyumba iliyofagiwa.

Na kama ameanguka? Soma Wagalatia 6:1. Anayemrejesha mwenzake anaagizwa afanye hivyo kwa roho ya namna gani, na ajiangalie kwa sababu gani?

Hatusemi kwamba ubongo wake ndio uliokunywa. Yeye ndiye aliyekunywa, naye anaitwa kutubu. Lakini baraza la kanisa linaloijua njia aliyopitia litaketi pamoja naye kwa machozi, na litauliza pia: jioni ile, sisi tulikuwa wapi?

Je, kuna mtu katika kundi lenu la Shule ya Sabato anayepigana vita kimya? Mnaweza kufanya nini juma hili, kabla jaribu halijamfikia?

ALHAMISI: Moto wa Makaa

Soma Yohana 18:15–18, 25–27, kisha Yohana 21:9–17. Ni kitu gani kilichokuwapo katika mandhari zote mbili?

Katika Agano Jipya lote neno la Kiyunani ambalo Yohana alilitumia kwa moto wa makaa linaonekana mahali pawili tu. Pa kwanza ni ua wa kuhani mkuu, usiku wa baridi, Petro akiota moto na kusema hamjui Yesu. Pa pili ni ufukoni mwa ziwa, asubuhi, baada ya ufufuo.

Makaa yana harufu yake, na kila aliyepika kwa makaa anaijua. Biblia haituambii Petro alihisi nini alipotoka majini akiwa amelowa na kuona moto ule. Lakini si vigumu kuwaza kwamba kwake moto wa makaa ulikuwa umefungwa na usiku wa aibu. Yesu hakuuzima. Alimketisha Petro hapohapo, na mbele ya makaa alimwuliza mara tatu kama anampenda, idadi ileile ya kumkana. Mara tatu Petro alijibu, na mara tatu alipewa kazi ya kulisha kondoo. Pale ambapo moto ulikuwa umefuatwa na kukana, sasa ulifuatwa na upendo.

Angalia pia ni nani aliyetangulia. Wanafunzi walipofika nchi kavu, moto ulikuwa umekwisha kuwashwa, na samaki na mkate vilikuwa tayari. Petro alilishwa kwanza, akaulizwa baadaye. Na tukirudi nyuma zaidi, katika Luka 22:31–34, Yesu alimwambia Petro kwamba amekwisha kumwombea ili imani yake isiishe, na akampa kazi ya kuwaimarisha ndugu zake atakapogeuka. Haya aliyasema kabla jogoo hajawika, kabla Petro hajakana hata mara moja.

Hapa ndipo somo la juma hili linapopata nguvu yake. Tukijifunza mfuatano wa tabia tukaishia hapo, tutabaki na kazi ngumu ya kujirekebisha kwa nguvu zetu, na tutachoka. Biblia inasema kwamba Mungu alitupenda kwanza (1 Yohana 4:19), kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi (Warumi 5:8), na kwamba ni Mungu mwenyewe anayefanya kazi ndani yetu, hata katika kutaka kwetu (Wafilipi 2:13). Sala yetu ya asubuhi, hata ikiwa ya mapema kiasi gani, ni jibu. Yeye alikwisha kuomba.

Ni mahali gani, harufu gani au wimbo gani unaokukumbusha kushindwa kwako? Ingekuwaje kama ungekutana na Yesu hapohapo?

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena Warumi 12:1, 2 pamoja na Wafilipi 4:8 na 2 Wakorintho 10:5. Angalia kwamba Paulo anaanza Warumi 12 kwa kukumbusha rehema za Mungu, na baada ya hapo ndipo anapoomba miili itolewe na nia zifanywe upya. Rehema hutangulia, agizo hufuata.

Waadventista wameamini tangu mwanzo kwamba mwili na akili ni vya Mungu, na kwamba tunavyokula, tunavyolala na tunavyowaza vina uhusiano na ibada yetu. Ellen G. White alikazia mara nyingi kwamba tendo linalorudiwa hujenga mazoea, na mazoea hujenga tabia. Aliandika hayo miongo mingi kabla ya mtu yeyote kupima sinapsi. Kwa hiyo matokeo ya maabara hayajatuletea injili mpya. Yametuonyesha kwamba mambo madogo yanayorudiwa kwa mpangilio uleule ni mazito kuliko tunavyodhani, na kwamba mpangilio ukigeuzwa, hata muunganiko wa zamani unaweza kudhoofika.

Jua linapotua jioni hii, Sabato inatukuta na mfuatano ambao Mungu aliuweka katika uumbaji. Adamu na Hawa waliumbwa siku ya sita, na siku yao kamili ya kwanza ilikuwa ya pumziko. Walipumzika pamoja na Muumba wao kabla hawajafanya juma lolote la kazi.

Maswali ya Kujadili:

1. Mtu anasema, “Ubongo wangu ndivyo ulivyojengwa, siwezi kubadilika.” Mwingine anasema, “Ukiokoka kweli, hamu ya zamani haiwezi kurudi kamwe.” Tumieni Warumi 7 na Mathayo 12:43–45 kuwajibu wote wawili.

2. Ratiba ya familia zenu hutanguliza nini asubuhi, na nini usiku kabla ya kulala? Ni badiliko gani moja dogo ambalo watoto nao wangeweza kulifuata?

3. Wazazi na walimu: kumpongeza mtoto papo hapo anapotenda jema kuna tofauti gani na kungoja mpaka mwisho wa muhula? Linganisheni na yale tuliyojifunza siku ya Jumatatu.

4. Yesu alimwombea Petro kabla hajaanguka, na alimwandalia chakula kabla ya kumhoji. Kanisa lenu lingebadilisha nini katika namna linavyowashughulikia walioanguka, kama lingefuata mpangilio huo?

5. Kila mmoja amtaje moyoni mtu mmoja anayejua kwamba yuko karibu na jaribu. Fungeni somo kwa kuwaombea watu hao, kisha kila mmoja amtembelee au ampigie simu mtu wake kabla ya Sabato ijayo.